Ndege ikiwa bado ardhini: barua ya wazi kwa wakufunzi wa urubani

Kwa wakufunzi wa urubani wa Soroti, Wilson, Dar es Salaam na viwanja vingine vyote vya Afrika Mashariki. Nakala kwa CASSOA, wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaosimamia usalama wa usafiri wa anga, Entebbe.



Siku ya kwanza ya mwanafunzi wa urubani huanza na aibu ndogo. Injini ya Cessna 172 imeshanguruma, ndege imeanza kujongea, na mbele kuna kona ya kushoto. Mwanafunzi anaushika usukani kwa mikono miwili na kuukata kushoto kama dereva wa daladala anayeingia kituoni. Ndege haimsikii. Inazidi kwenda mbele kuelekea majani. Anaukata zaidi. Wapi! Mpaka mkufunzi anapobonyeza pedali kwa mguu wa kushoto ndipo pua inageuka, na kijana anagundua kwamba alichokuwa anakizungusha kwa bidii kilikuwa kinachezesha vibao vya kwenye mabawa tu. Ndege ikiwa ardhini huendeshwa kwa miguu.

Wakufunzi hucheka hapo, na kicheko hicho hakina ubaya. Taabu ni kinachofuata. Baada ya vipindi viwili vitatu, mwanafunzi akishaweza kuiweka pua ya ndege juu ya mstari wa njano na kuilaza hapo, mara nyingi somo la ardhini huhesabiwa limekwisha. Macho ya wote wawili yanahamia juu: kupanda, kukata kona, kutua, kujifanya injini imezima. Kujongea, au kuteksi kama marubani wenyewe wanavyosema, kunageuka kuwa muda wa soga, wa kupekua makaratasi, wa kumaliza habari iliyoanzia kantini. Barua hii inaomba somo hilo lirudishwe darasani.

Mwandishi wake si rubani. Ni abiria wa ndege ndogo, wa zile safari za Dar es Salaam kwenda Unguja au Mafia ambamo viti vikijaa mtu mmoja huambiwa apande mbele, upande wa kulia, na asiguse kitu. Kiti hicho ni darasa. Safari moja, ndani ya ndege ndogo aina ya Caravan, aliketi kando ya dada mmoja mwenye mistari minne begani. Kabla ya kuwasha injini dada huyo alitoa karatasi yenye ramani ya kiwanja, akaweka kidole pale walipoegesha, akakiburuta kufuata kiungio, yaani njia ya kujongelea, akakisimamisha kwenye mstari wa kusubiria na kupagonga mara mbili. Ndipo akawasha. Njiani breki alizigusa mara moja tu, mwanzoni kabisa, kuona kama zinashika. Baada ya hapo, ndege ilipotaka kukimbia alivuta wenzo wa nguvu nyuma kidogo, visu vya pangaboi vikabadili ulalo, mwendo ukapungua wenyewe. Abiria mmoja wa nyuma alipaza sauti kuuliza kama watafika kabla ya saa nne. Hakujibiwa. Walipofika kwenye mstari dada alisimama, akageuza shingo hadi kidevu kikagusa bega, akasema kwa sauti: "Kushoto pako wazi." Akageuka upande wa pili: "Kulia pako wazi." Akainama kuchungulia juu kupitia kioo: "Anayetua hakuna." Alifanya yote hayo ingawa mnara wa kuongozea ndege ulikuwa umeshampa ruhusa ya kuingia. Bahari ilipokuwa chini yao na ndege imetulia ndipo akageuka nyuma kumjibu yule abiria: saa nne kasorobo, Mungu akipenda.

Zilikuwa dakika saba hivi tangu magurudumu yalipoanza kuzunguka hadi yalipoacha lami. Kwa kanuni za ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, dakika hizo ni muda wa kuruka. Saa ya rubani huanza kuhesabiwa ndege inapojongea mara ya kwanza kwa nia ya kupaa, na huishia inaposimama kabisa mwisho wa safari. Mwanafunzi anaziandika katika daftari lake la urubani. Anazilipia pia, na saa moja ya Cessna si bei chee. Zinaandikwa, zinalipiwa, lakini ufundishaji wake umeachiwa bahati.

Na ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga ilitokea chini. Ilikuwa Machi 27, 1977, katika kiwanja cha Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, Boeing 747 mbili zilipogongana kwenye ukungu na watu 583 wakafa. Wengi wanakumbuka habari ya rubani wa KLM aliyeanza kukimbia ili apae bila kuruhusiwa. Sehemu inayofaa zaidi darasani ni ya ndege ya pili, ya Pan Am. Kiwanja kilikuwa kimefurika ndege zilizoelekezwa huko baada ya bomu kulipuka katika kiwanja cha Gran Canaria. Kiungio kikuu kilikuwa kimezibwa na ndege zilizoegeshwa, hivyo Pan Am ikaambiwa ijongee juu ya barabara ya kurukia yenyewe, kisha itoke kwa njia ya tatu upande wa kushoto. Marubani wakawa wanahesabu njia za kutokea ndani ya ukungu kama mtu anayehesabu vichochoro usiku umeme umekatika. Njia ya tatu iliwataka wapinde kona ya nyuzi 148, yaani karibu warudi walikotoka, na kwa ndege ya ukubwa ule ni sawa na kugeuza lori la mchanga uchochoroni. Waliipita. Walikuwa wanaikaribia ya nne taa za KLM zilipojitokeza mbele yao.

Baada ya Tenerife lugha ya redio ilibanwa. Neno la kupaa likawekewa uzio: hutamkwa tu ruhusa ya kupaa inapotolewa au inapofutwa, basi. Mageuzi hayo yanafundishwa kote, na ni vizuri. Ila yalitibu masikio. Tatizo la kujua uko wapi lilibaki palepale.

Lilijitokeza tena Milan, katika kiwanja cha Linate, Oktoba 8, 2001. Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu mzito. Ndege ndogo ya jeti, Cessna Citation, iliyokuwa kwenye maegesho ya magharibi iliambiwa ipitie kiungio kinachoitwa R5, kinachozunguka kaskazini. Kutoka pale maegesho mistari miwili ya njano iligawanyika, mmoja ukienda R5, mwingine R6, na R6 ilikuwa inakatisha barabara ya kurukia. Marubani wakafuata R6. Wakiwa njiani walitoa taarifa kwa mnara kwamba wanakaribia alama ya S4. Alama hiyo ilikuwa imechorwa ardhini kweli, wao wameiona kwa macho yao, lakini haikuwamo kwenye ramani alizokuwa nazo mwongoza ndege. Jina halikumwambia kitu, naye hakuuliza. Rada ya ardhini haikuwapo: ya zamani ilikuwa imezimwa, mpya haijaanza kazi. Wakavuka mstari wa kusimama, wakaingia barabarani, na MD-87 ya shirika la SAS iliyokuwa inapaa ikawagonga. Watu 118 walikufa, wanne kati yao wakiwa wafanyakazi ndani ya jengo la mizigo.

Tazama jinsi ukweli ulivyotamkwa redioni na ukapita hivihivi. Waliokuwa kwenye Citation walisema walipo. Aliyesikia hakujua palipotajwa ni wapi. Pande zote mbili zilikuwa na nafasi ya kusema, "Samahani, hebu tusimame kwanza," na hakuna aliyeitumia. Kiswahili kina msemo wa watoto wa shule, kuuliza si ujinga, lakini mtu akishavaa miwani ya jua na mistari begani msemo huo humtoka kinywani kwa shida.

Na kuna kujibu kama kasuku. Kila mkufunzi anadai mwanafunzi arudie maelekezo ya mnara neno kwa neno, na ni haki yake kudai. Urudiaji sahihi hauthibitishi kwamba maana imeingia. Januari 2, 2024, Haneda, Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani wa Japani aina ya Dash 8 ilikuwa inapeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la Noto lililotokea siku iliyotangulia. Mnara uliiambia ijongee hadi sehemu ya kusubiria ya C5, na kwamba ni nambari moja. Rubani akarudia sawasawa: C5, nambari moja. Kisha akapita C5, akaingia barabara ya kurukia na kusimama hapo kwa sekunde kama 40 akiamini ameruhusiwa, mpaka Airbus A350 ya Japan Airlines ilipotua juu yake. Watu watano kati ya sita wa Dash 8 walikufa. Wote 379 wa Airbus walitoka salama katika ndege iliyokuwa inaungua, jambo ambalo ulimwengu ulilishangilia kwa haki. Taa nyekundu za kuzuia pale C5 zilikuwa haziwaki kwa sababu ya matengenezo. Baadaye Japani ilisitisha kwa muda kuwataja marubani kwa nambari za foleni, kwa kuwa nambari moja, kwa mtu aliyechoka na mwenye haraka ya kusaidia, inasikika kama ruhusa.

Hapa mwandishi ana pendekezo ambalo huenda likawachekesha wakubwa. Lugha ya redio ni Kiingereza, na ibaki hivyo. Lakini kabla injini haijawashwa, mwanafunzi wa Kitanzania au Kikenya aambiwe aieleze njia yake kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote anayoiota usiku. "Ninatoka hapa, napinda kulia kwenye kile kiungio kifupi, nasimama kabla ya mistari minne ya njano, sivuki mpaka niambiwe kuvuka." Akiweza kuyasema hayo huku kidole kikitembea juu ya ramani, ameelewa. Akianza kutafuta maneno, alichonacho kichwani ni wimbo wa Kiingereza tu, na afadhali ijulikane ndege ikiwa bado imefungwa vigingi.

Mistari minne hiyo nayo inastahili muda kuliko inavyopewa. Miwili ni mizima, miwili imekatikakatika. Anayeukuta upande wa mistari mizima anasimama, kwa sababu ng'ambo yake ni barabara ya kurukia. Anayeukuta upande wa mistari iliyokatika anatoka barabarani na anapaswa kupita mpaka mkia wake nao uvuke. Vibao vyekundu vyenye maandishi meupe ni amri. Vya njano vyenye maandishi meusi huelekeza njia. Cheusi chenye maandishi ya njano humwambia mtu alipo sasa hivi. Usiku taa za buluu ziko kandokando ya viungio, na za kando ya barabara ya kurukia ni nyeupe. Mwanafunzi anaweza kuyakariri haya yote kwa mtihani jioni moja. Kuyaona mvua ikipiga kioo, redio ikipayuka na mkufunzi akihadithia mechi ya jana ni ufundi mwingine.

Habari ya mechi inahusika. Agosti 27, 2006, huko Lexington, jimbo la Kentucky nchini Marekani, ndege ya Comair yenye watu 50 ilitakiwa kupaa alfajiri, giza bado halijaondoka, kwa kutumia barabara nambari 22 yenye urefu wa mita 2,100 na ushei. Ikaingia nambari 26, yenye nusu ya urefu huo na isiyokuwa na taa zinazowaka. Wachunguzi walisema marubani hawakutumia dalili zilizokuwapo kujua wako wapi, na wakataja pia mazungumzo yasiyohusu kazi waliyokuwa nayo wakati wa kujongea. Mwongoza ndege alikuwa peke yake mnarani na alikuwa amegeuka kufanya kazi nyingine. Alinusurika mtu mmoja, rubani msaidizi. Kinachouma ni kwamba jibu lilikuwa mbele yao. Nambari ya barabara ni mwelekeo wake kwenye dira, sifuri ya mwisho ikiwa imeondolewa: 22 ni nyuzi 220, 26 ni nyuzi 260. Dira ya ndege ilikuwa imepishana na barabara waliyoitaka kwa nyuzi 40. Jicho moja kwenye dira, sekunde moja.

Marekani ilikuwa imeshakataza soga hizo tangu 1981: wakati wa kujongea, kupaa, kutua na shughuli nyingine za safari chini ya futi 10,000, isipokuwa ndege ikishatulia kwenye kimo chake, marubani wa ndege za abiria hawafanyi wala kuzungumza lisilohusu usalama wa safari. Mwaka 2010 ikaongeza sharti kwamba kila barabara ya kurukia iliyo njiani, hata iliyofungwa, ivukwe kwa ruhusa yake mwenyewe. Kuambiwa tu pa kwenda hakutoshi tena. Klabu ya urubani yenye Cessna tatu haihitaji kungoja sheria ili ifuate utaratibu huo.

Baadhi ya wakufunzi watauliza: orodha ya ukaguzi isomwe lini, kama wakati wa kujongea ni wa macho kutazama nje? Swali ni la haki, kwa sababu kutoisoma nako kunaua. Agosti 16, 1987, Detroit, marubani wa Northwest 255 hawakuisoma orodha ya kujongea. Flapi, vile vibao vya nyuma ya mabawa, hazikushushwa, ndege haikuweza kupanda, na waliokufa walikuwa 156. Nairobi nayo ina kaburi lake katika somo hili. Novemba 20, 1974, Boeing 747 ya Lufthansa ilianguka ikipaa kwa sababu vibao vya mbele ya mabawa havikuwa vimefunguka, na watu 59 kati ya 157 wakapoteza maisha. Jibu la swali, kwa ndege ndogo angalau, ni rahisi hadi linatia haya: simamisha ndege. Sogea pembeni pasipozuia mtu, weka breki, inamisha kichwa, soma. Ukimaliza inua kichwa ndipo uachie breki. Mkufunzi anayemsomesha mwanafunzi orodha huku ndege inatembea anamfundisha kutembea amefumba macho, na anafanya hivyo kwa mfano, njia inayoshika kuliko zote.

Upepo ni mwalimu mwingine aliyesahauliwa. Mtu aliyekulia Lamu au Bagamoyo hahitaji kuelezwa kwamba jahazi hutishwa na upepo kabla halijatweka tanga. Ndege nyepesi yenye mabawa juu kama 172 ni tanga siku zote, hata ikiwa imesimama. Upepo ukija kutoka mbele kushoto, usukani hukatwa kushoto, kuufuata. Ukija kutoka nyuma kushoto, ambako ndiko kubaya zaidi, usukani husukumwa mbele na kukatwa kulia, kuukimbia, ili upepo usije ukapenya chini ya bawa na mkia na kuiinua ndege upande. Yule mwanafunzi wa siku ya kwanza aliyezungusha usukani bure hakukosea sana, basi. Usukani una kazi ardhini, isipokuwa kazi yake ni upepo, na kona ni ya miguu. Inapendeza kumwambia hivyo siku ileile, kicheko kikiisha. Katika pwani hii, Kusi inapovuma mchana, kila kona ya kiungio inabadilisha mahali usukani unapotakiwa kuwa. Tena kuna upepo usiotoka mbinguni: anayepita nyuma ya jeti kubwa inayoongeza nguvu ya injini anaweza kupinduliwa na pumzi yake, na mnara hauwezi kukumbuka kumwonya kila mara.

Sasa tuje nyumbani kabisa. Vitabu vingi vya urubani vimeandikiwa viwanja vyenye viungio sambamba, taa za kijani katikati ya njia na gari la kuongoza wageni. Viwanja vyetu vingi vina barabara moja tu, na ndege ikishatua hugeuza mwisho wa lami na kurudi juu ya barabara hiyohiyo. Kila ndege inarudia kidogo hali ya Pan Am kule Tenerife: inajongea mahali ambapo nyingine inaweza kutua. Bahati njema ni kwamba jua letu hutoa mwanga mwingi na ukungu si wa kila siku. Bahati si utaratibu. Anayerudi juu ya barabara anapaswa kutangaza redioni anapoingia, anapogeuza na anapotoka, hata pale anapoamini kwamba yuko peke yake. Kwenye viwanja vya mbugani visivyo na mnara, tangazo hilo ndilo mnara wenyewe.

Kugeuza nako ni somo. Desemba 18, 2013, Boeing 767 ya Ethiopian iliyokuwa inakwenda Kilimanjaro ilitua katika kiwanja kidogo cha Arusha, chenye barabara ya mita 1,600 hivi. Ilisimama salama, maajabu ya breki. Ilipojaribu kugeuza, magurudumu yaliacha lami na kuzama kwenye majani. Hakuna aliyeumia, na wenye simu walipiga picha za kutosha. Siku nne baadaye, Desemba 22, Johannesburg, Boeing 747 ya British Airways iliyoelekezwa kufuata kiungio B ilinyoosha ikaingia M, chembamba kuliko mabawa yake, na bawa likaingia ndani ya jengo la ofisi usiku ule. Watu wanne waliokuwa ndani ya jengo walipata majeraha madogo. Ndege zote mbili zilikuwa na marubani wa mashirika makubwa, wenye saa nyingi kuliko zile ambazo mwanafunzi yeyote wa Soroti atakuwa nazo kwa miaka kumi ijayo. Marubani wa ndege kubwa aghalabu hawaoni hata ncha za mabawa yao kutoka kitini. Wa 172 anaziona zote mbili, mita 11 kutoka ncha moja hadi nyingine. Hana kisingizio, ila anahitaji kuzoezwa kuziangalia.

Viwanja vya vumbi vina adabu yake. Kokoto huinuliwa na pangaboi na kuvila visu vyake, kwa hiyo rubani mwenye busara haongezi nguvu akiwa amesimama juu ya changarawe; huacha ndege ianze kutembea kwanza. Punda milia na swala hawasomi vibao vyekundu, ndiyo maana mbugani gari hupita kwanza kuwafukuza. Na watoto wa kijijini hukimbilia ndege kabla injini haijazimwa. Pangaboi linalozunguka halionekani. Hilo halihitaji maelezo marefu: injini izimwe, ndipo mlango ufunguliwe, na hakuna abiria mwenye haraka wa kubadilisha mpangilio huo, hata awe mheshimiwa mbunge.

Kwa CASSOA na mamlaka za nchi wanachama, ombi ni la rangi na karatasi. Mistari iliyopauka ipakwe upya kabla mkaguzi wa kigeni hajaja. Kila alama iliyochorwa ardhini iwe kwenye ramani ya mwongoza ndege na ya rubani kwa jina lilelile, maana pale Linate watu walikufa kwa jina moja. Makutano yanayowachanganya marubani yatiwe duara kwenye ramani za viwanja, kama kanuni za kimataifa zinavyoelekeza, na wanaojua yalipo ni wakufunzi wenyewe, waulizwe. Mwanafunzi aliyepotea njia kiwanjani akasimama na kusema redioni "sijui nilipo" asiitwe ofisini kama mkosaji. Akifokewa mara moja tu, wenzake wote waliosikia redioni watajifunza kunyamaza.

Kwenu wakufunzi ombi ni dogo kuliko hayo yote, na halina gharama. Kipindi kijacho, kabla ya ufunguo kuzungushwa, mpeni mwanafunzi ramani ya kiwanja na mwambieni apitishe kidole kutoka mlipo hadi mstari wa kusubiria, akisema anakopita na atakaposimama. Msimsaidie. Akikosea, aanze upya kidole kikiwa pale mlipoegesha. Akimaliza, washeni injini, na mnyamaze mpaka magurudumu yaache lami.

Wasalaam,
Abiria wa kiti cha mbele kulia.